Blaise Pascal: Mtu Aliyejua Uthibitisho Unaishia Wapi



Wapendwa vijana, wiki hii zamu ilikuwa ya mtakatifu mwingine kabisa katika mfululizo wetu wa watu waliotutangulia katika imani. Nimembadilisha. Leo nawaletea mtu ambaye Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na sababu nitazisema humu humu bila kuficha. Anaitwa Blaise Pascal.

Kwa nini yeye? Kuna kijana mmoja wa kwaya yetu, jina simtaji, anasoma PCM. Mwezi wa pili, tukiwa tunapanga viti baada ya kipindi cha vijana, alinivuta pembeni akaniuliza kwa adabu kabisa. Kwamba kwenye hisabati hakuna kitu kinachopokelewa bila kuthibitishwa, na kwenye fizikia hakuna kinachopokelewa bila kupimwa. Sasa mambo ya Mungu hayathibitishwi wala hayapimwi, yeye ayapokee kwa lipi? Mimi nilikuwa na haraka. Nilimpiga bega nikamwambia asali zaidi, Mungu atamwongezea imani. Akatabasamu, akamaliza kupanga viti. Tangu Jumatano ya Majivu hajaonekana kwaya.

Tuseme ukweli, lile halikuwa jibu. Nilimfunga mtu mdomo kwa maneno ya dini. Na aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu na mimi nimesoma PCM. Miaka miwili nzima niliandika Pa mwishoni mwa majibu ya mgandamizo, bila hata siku moja kujiuliza kwamba ile Pa ni mtu, tena mtu aliyekuwa na swali lile lile la kijana wetu na akalibeba hadi kufa. Ndiyo maana nimekaa wiki tatu nikimsoma.

Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont, huko Auvergne, katikati ya Ufaransa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 3. Baba yake, Étienne, alikuwa hakimu wa mambo ya kodi. Hakuoa tena, na mwaka 1631 akahamia Paris na watoto wake watatu: Gilberte dada mkubwa, Blaise, na Jacqueline kitinda mimba. Shule hawakwenda. Baba aliwafundisha mwenyewe nyumbani.

Sasa huyu mzee alikuwa mwanahisabati hodari, lakini alikuwa na mpango wake: mtoto ashike kwanza Kilatini na Kigiriki, hisabati baadaye. Vitabu vya hisabati akavificha. Unajua wenyewe mtoto akifichiwa kitu. Blaise akamuuliza baba yake jiometri ni nini, akajibiwa kwa kifupi kwamba ni elimu ya kuchora maumbo kwa usahihi na kujua uwiano wake, kisha akakatazwa kuongelea tena. Gilberte, aliyeandika maisha ya mdogo wake, anasimulia kwamba mtoto alianza kuchora kwa mkaa sakafuni saa za mapumziko. Majina ya vitu hakuyajua, hivyo mstari akauita fimbo na duara akaliita mviringo tu. Siku moja baba akaingia akamkuta ameinama. Alikuwa na miaka 12, na alikuwa anatafuta kwa nini pembe tatu za pembetatu, ukizijumlisha, ni sawa na pembemraba mbili. Mzee akatoka bila kusema neno, akaenda kwa rafiki yake akalia machozi. Ya furaha. Vitabu vikafunguliwa.

Hiyo hoja ya pembetatu ichoreni sasa hivi kwenye karatasi, tutairudia baadaye. Chora pembetatu. Kwenye ncha ya juu pitisha mstari sambamba na kitako. Zile pembe mbili za chini zinajirudia pale juu, moja kila upande wa ncha, na zote tatu kwa pamoja zinajaza mstari mnyoofu, nyuzi 180. Umemaliza. Hujapima pembetatu hata moja, lakini umesema neno juu ya pembetatu zote.

Akiwa na miaka 16 alichapisha karatasi juu ya mikato ya koni ambayo wakubwa waliisoma kwa mashaka kwamba ni kazi ya mtoto. Akiwa Rouen, ambako baba yake alipelekwa kusimamia kodi, alimhurumia mzee kwa hesabu za usiku kucha, na mwaka 1642 akaanza kuunda mashine ya kujumlisha: magurudumu yenye meno, moja likizunguka hadi mwisho linalisukuma la pili kubeba moja. Mashine chache kati ya zile bado zipo kwenye makumbusho ya Ulaya. Hapo ndipo walipo mababu wa kikokotoo chako.

Mwaka 1646 baba aliteleza kwenye barafu akaumia nyonga. Ndugu wawili waliokuwa mafundi wa kuunga mifupa walikaa nyumbani kwao miezi kadhaa kumtibu, na pamoja na dawa walileta vitabu vya dini. Familia nzima ikaanza kusali kwa bidii mpya. Nawaomba mkumbuke vitabu hivyo, vitaleta maneno.

Mwaka huo huo ndipo linapoanza jambo lililoniteka kuliko yote. Miaka miwili hivi nyuma yake, Mwitaliano Torricelli alikuwa amejaza zebaki kwenye mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaupindua kwenye bakuli lenye zebaki. Zebaki ikashuka kidogo, halafu ikasimama kwenye urefu wa kama sentimita 76. Juu yake pakabaki nafasi tupu. Tupu kweli? Walimu wa falsafa, wakimfuata Aristotle, walikuwa wamefundisha karne nyingi kwamba ombwe haliwezekani, maumbile hayalivumilii. Na kitu gani kinaizuia zebaki isishuke yote?

Pascal akarudia jaribio pale Rouen, halafu akalikuza. Akatengenezewa mirija ya kioo yenye urefu wa futi 46, ikafungwa kwenye mlingoti wa meli ili isivunjike, akatumia maji na divai nyekundu. Utamu wake uko hapa. Waliokuwa wanasema ile nafasi ya juu imejaa mvuke walitegemea divai ishuke chini kuliko maji, maana divai ina mvuke mwingi zaidi. Waliosema ni suala la uzito walitegemea divai isimame juu zaidi, maana ni nyepesi. Watu wakataja matokeo kabla, mbele ya mashahidi, ndipo mrija ukapinduliwa. Divai ikasimama juu zaidi.

Mjesuiti mmoja, Padre Étienne Noël, hakukubali. Akaandika kwamba pengine hewa laini sana inapenya kwenye vitundu vya kioo na kuijaza ile nafasi. Pascal akamjibu kwa barua Oktoba 1647, na katika barua hiyo akaweka kanuni ambayo ningetamani ibandikwe kwenye kila maabara ya shule. Kwa maneno yangu ni hivi: maelezo yako yakilingana na yote tunayoyaona, bado hayajawa kweli, kwa sababu maelezo mengine matatu yanaweza kulingana vile vile. Lakini maelezo yakigongana na jambo moja tu lililoonekana kwa hakika, yameanguka.

Chukua mfano wa nyumbani. Taa imezimika usiku. Inaweza kuwa LUKU imeisha, inaweza kuwa umeme umekatika mtaa mzima, inaweza kuwa balbu imeungua. Yote matatu yanaeleza giza lile lile. Ukichungulia dirishani ukaona kwa jirani kunawaka, hujajua bado ni lipi, ila moja limekufa. Basi ndivyo sayansi inavyotembea, kwa kuua maelezo mabovu moja baada ya jingine. Wengi tunadhani inatembea kwa kuthibitisha. Kijana wangu wa kwaya alidhani hivyo, na mimi sikumsahihisha.

Pascal akataka kitu cha kuua moja kati ya mawili. Kama zebaki inashikiliwa na uzito wa hewa iliyo juu yetu, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki juu ni kidogo, zebaki lazima ishuke. Kama inashikiliwa na chuki ya maumbile dhidi ya ombwe, je, maumbile yanachukia ombwe bondeni kuliko mlimani? Yeye alikuwa Paris, mgonjwa, na Paris haina mlima. Lakini Clermont kwao kuna Puy de Dôme, mlima wa mita 1,465, na pale aliishi shemeji yake Florin Périer, mume wa Gilberte. Akamwandikia Novemba 1647. Shughuli na hali ya hewa vikachelewesha hadi tarehe 19 Septemba 1648.

Asubuhi hiyo Périer alikutana na wenzake kwenye bustani ya watawa Waminimu, mahali pa chini kabisa mjini: mtawa mmoja padre, kanoni mmoja wa kanisa kuu, washauri wawili wa mahakama ya kodi na daktari. Wakasimamisha mirija miwili. Zebaki ikafika urefu mmoja katika yote miwili, inchi 26 na ushee za Kifaransa cha wakati ule, kama sentimita 71. Mrija mmoja wakauacha pale pale bustanini, na mtawa mwingine, Padre Chastin, akapewa kazi ya kuutazama mchana kutwa. Wengine wakapanda.

Kileleni zebaki ilisimama kwenye inchi 23 na ushee, kama sentimita 63. Imeshuka kwa sentimita 8 na nusu hivi. Périer anakiri walishangaa mno hata wakarudia mara tano, mahali mbalimbali pa kilele: ndani ya kikanisa kilichokuwa pale, nje, penye upepo, penye kinga, wakati wa ukungu. Ikawa ile ile. Walipokuwa wanashuka wakapima tena njiani, ikawa katikati. Bustanini ikarudi ilikoanzia. Padre Chastin naye akatoa taarifa yake: mrija wake haukusogea siku nzima. Kazi ya huyo padre inaonekana kama ya mtu aliyeachwa nyuma, lakini bila yeye mtu angeweza kusema labda siku ile hewa ilibadilika kila mahali. Nampenda sana Padre Chastin. Jumuiya zetu zimejaa watu wa kazi yake.

Pascal alipopata barua akarudia kwenye mnara wa kanisa la Saint-Jacques pale Paris, akapata tofauti ndogo, kama ilivyotakiwa. (Leo ukipanda Kilimanjaro hadi Uhuru, mgandamizo wa hewa unabaki karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam. Wanaolalamika kichwa kinauma wana haki.)

Baadaye alitaka kuandika kitabu kikubwa juu ya ombwe, akaacha dibaji. Ndani yake anatenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya kila siku. Kuna maswali yanayoamuliwa na ushuhuda tuliopokea: nani alikuwa mfalme, nini kiliandikwa, Mungu alifunua nini. Hapo mamlaka ya waliotuachia ndiyo msingi. Kuna maswali yanayoamuliwa na akili na macho: hewa ina uzito au haina. Hapo ukimtaja Aristotle au hata mtakatifu unapoteza muda, pima. Alikasirishwa sawasawa na wanaoleta mamlaka kwenye fizikia na wanaoleta ubunifu wao kwenye teolojia. Na akasema jambo ambalo vijana mtalipenda: wale tunaowaita wazee wa kale walikuwa ndio watoto wa dunia, kwa sababu binadamu wote wa karne zote ni kama mtu mmoja anayeishi na kujifunza daima, na sisi wa leo ndio uzee wake. Nyuki hujenga sega lile lile tangu zamani. Binadamu huanza alipoishia mwenzake.

Msidhani alikuwa malaika. Baba alipofariki Septemba 1651, Jacqueline alitaka kuingia utawa Port-Royal na kupeleka sehemu yake ya urithi. Blaise, aliyekuwa amemhimiza huyo huyo dada yake kumpenda Mungu, akawa mgumu wa fedha. Jacqueline akaingia Januari 1652 bila ridhaa yake, akalia machozi kwa ajili ya yale mabishano. Baadaye Blaise alilegea akalipa. Kipindi hicho alikuwa na marafiki wa mjini, watu wa karata na dau.

Na kutoka kwenye karata ikazaliwa hisabati mpya. Wachezaji wawili wameweka sarafu 32 kila mmoja. Wa kwanza kushinda mara tatu anachukua zote 64. Mchezo unakatika mmoja akiwa na ushindi mara mbili, mwenzake mara moja. Wagawane vipi? Mwaka 1654 Pascal na hakimu wa Toulouse, Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya hilo. Pascal anafikiri hivi: mwenye mbili akishinda raundi inayofuata anapata 64. Akishindwa wanakuwa sawa, anapata 32. Kwa hiyo 32 ni zake kwa vyovyote. Zilizobaki 32 ziko nusu kwa nusu, achukue 16. Jumla 48, mwenzake 16. Angalia kilichotokea: hakuna ajuaye karata inayofuata, lakini mgawanyo una hakika. Bima, hali ya hewa, majaribio ya dawa, vyote vinasimama hapo.

Mwaka huo aliandika pia juu ya ile pembetatu ya namba inayobeba jina lake, ingawa Wachina, Wahindi na Waajemi waliijua karne nyingi kabla. Kipya chake ni namna alivyothibitisha. Ngazi haina mwisho. Huwezi kukagua kila kidato. Ila ukionyesha mambo mawili tu, kwamba kidato cha kwanza kinafikika, na kwamba kutoka kidato chochote unaweza kufika kinachofuata, umekamata vyote visivyo na mwisho.

Halafu ukaja usiku wa Jumatatu tarehe 23 Novemba 1654, sikukuu ya Mtakatifu Klementi. Kuanzia kama saa nne na nusu usiku hadi saa sita na nusu, kitu kilimpata. Alikiandika kwenye karatasi kwa vipande vya maneno, kwa mkono wa mtu anayetetemeka: moto, machozi, furaha, Mungu wa mababu wa Biblia ambaye si hitimisho la hoja ya wanafalsafa. Tarehe na saa akaziweka kwa usahihi, kama mtu anayeandika matokeo ya jaribio. Hakumwambia mtu yeyote.

Je, baada ya usiku huo aliitupa akili? Hapana, na hapa ndipo nilipotamani kijana wangu awe amekaa karibu yangu. Miaka iliyofuata aliandika maandishi mafupi juu ya akili ya kijiometri, ambayo hayakuchapishwa akiwa hai. Anauliza: njia kamili kabisa ya kujua ingekuwaje? Ingekuwa kufafanua kila neno na kuthibitisha kila kauli. Ni nzuri mno, ila haiwezekani. Ukifafanua neno unatumia maneno mengine, nayo yanataka kufafanuliwa, nayo pia. Ukithibitisha kauli unasimamia kauli nyingine. Mwisho unafika kwenye maneno usiyoweza kuyafafanua na kanuni usizoweza kuzithibitisha. Jiometri haifafanui nafasi, wala muda, wala namba. Inaanza navyo. Na Pascal hasemi kwamba huu ni udhaifu wa jiometri. Anasema kutofafanua kitu kilicho wazi ni busara, sawasawa na kuthibitisha kitu kisicho wazi.

Rudini kwenye karatasi yenu yenye pembetatu. Nani aliwaambia zile pembe zinajirudia pale juu? Ni kwa sababu mistari ni sambamba. Na nani aliwaambia kwamba kwenye ncha ile unapita mstari mmoja tu sambamba na kitako? Euclid hakulithibitisha hilo. Aliomba apewe. Watu walijaribu kulithibitisha kwa zaidi ya miaka 2,000, na katika karne ya 19 Mrusi Lobachevsky na Mhungaria Bolyai wakaonyesha kwamba unaweza kulikataa na bado ukajenga jiometri nzima isiyojipinga. Au simama kwenye mstari wa Ikweta pale Nanyuki, Kenya, uende moja kwa moja hadi Ncha ya Kaskazini, upinde, ushuke kwa njia nyingine iliyonyooka hadi Ikweta tena, urudi Nanyuki. Pembe mbili za chini peke yake zimeshamaliza nyuzi 180. Pascal hakuyajua haya, na yangemshtua. Lakini yanakazia alichosema: uthibitisho unabebwa na kitu ambacho chenyewe hakikuthibitishwa.

Hicho kinachozipokea kanuni za kwanza, katika kitabu chake kikubwa ambacho hakukimaliza, *Pensées*, anakiita moyo. Tafadhali msisikie hapo moyo wa nyimbo za mapenzi. Kwa Pascal ni moyo unaojua kwamba namba haziishi na kwamba nafasi ina vipimo vitatu, kisha akili inajenga juu yake. Na moyo huo huo, anasema, ndio unaomhisi Mungu.

Hapa niwe mkweli. Hili halithibitishi kwamba Mungu yupo. Nimesikia wahubiri wakilitumia hivyo, nikasononeka. Mtu anaweza kukubali kanuni za jiometri akakataa imani, na hajajipinga. Linachovunja ni kitu kimoja tu: ile kauli kwamba kisichothibitishwa kisipokelewe. Kauli hiyo ukiifuata hadi mwisho inakula hisabati yenyewe. Hata lile dau lake maarufu, kwamba anayeamini hapotezi kitu cha kulinganisha na anachoweza kupata, alikuwa anamwambia mcheza karata kwa lugha ya karata, ili amtoe kwenye kusitasita. Anayelisoma kama uthibitisho amemsoma vibaya.

Sasa yale maneno niliyoahidi. Vile vitabu vya mafundi wa mifupa vilitoka kwa Wajanseni, watu waliosisitiza neema ya Mungu hadi wakaibana hiari ya binadamu. Mwaka 1653 Papa Inosenti X alilaani kauli tano za mafundisho yao. Pascal alisimama upande wa Port-Royal, na mwaka 1656 hadi 1657 akaandika barua 18 za kuwashambulia Wajesuiti kwa kulegeza maadili. Zimeandikwa vizuri kupita kiasi, zinachekesha, na mahali pengine haziwatendei haki. Zikawekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Hii ndiyo sababu humuoni kwenye kalenda. Lakini tarehe 19 Juni 2023, alipotimiza miaka 400 tangu kuzaliwa, Baba Mtakatifu Francisko aliandika barua nzima ya kitume ya kumkumbuka. Na Francisko, kama mnavyojua, alikuwa Mjesuiti.

Mwisho wake ulikuwa wa maumivu. Machi 1662 alianzisha Paris magari ya farasi yenye njia maalumu na nauli moja ya soli tano, yaani daladala, na akataka sehemu yake ya mapato ilipwe mapema ipelekwe kwa maskini wa Blois waliokuwa na njaa. Nyumbani kwake alikuwa amepokea familia maskini. Mtoto mmoja wa familia hiyo akashikwa na ndui. Ingekuwa kawaida kumhamisha mtoto. Pascal, mgonjwa kuliko wote, akasema kuhama hakutamdhuru yeye kama kutakavyomdhuru mtoto, akatoka yeye mwishoni mwa Juni akaenda kwa Gilberte. Aliomba Komunyo mara kwa mara, na madaktari wakaahirisha wakidhani hali si mbaya. Basi akaomba angalau aletwe maskini mmoja mgonjwa, atunzwe mle ndani kwa huduma ile ile anayopewa yeye, maana kama hawezi kuungana na Kichwa, aungane na viungo. Alipokea Ekaristi hatimaye, akafa usiku wa tarehe 19 Agosti 1662. Miaka 39.

Siku chache baadaye mtumishi akahisi kitu kigumu kwenye bitana ya koti la marehemu. Walipofumua wakaikuta ile karatasi ya Novemba 1654, pamoja na nakala yake kwenye ngozi. Kwa miaka karibu minane, kila alipobadili koti, alikuwa akiifumua na kuishona upya.

Juzi nilimtumia kijana wangu sehemu ya mlima tu, bila neno la dini. Alijibu saa tano usiku. Akauliza, kaka, kama zebaki isingeshuka kule kileleni, Pascal angekubali kwamba amekosea? Nikamjibu ndiyo, maana kanuni alikuwa ameshaiandika mwaka mmoja kabla, na ingemwangukia yeye mwenyewe. Kimya kidogo. Halafu akaniuliza mimi, je, kuna kitu gani ambacho kikitokea nitasema na mimi nimekosea?

Niliandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Mwishowe nikamwambia hilo siwezi kulijibu kwa meseji. Tunakutana Jumamosi baada ya misa ya jioni, kwenye ngazi za kanisa. Amesema atakuja na daftari.